Usianze na manusura
Umeuliza kama utafiti wako wa maombolezo baada ya mauaji ya halaiki uanze kwa kuwahoji manusura. Subiri kwanza, tafadhali. Kidonda kingali kibichi, na kila swali linakitonesha. Anza na vitu ambavyo watu waliviacha wenyewe mahali pa maombolezo. Norwei, baada ya mashambulizi ya Julai 22, 2011 yaliyoua watu 77, maua yalirundikana mbele ya kanisa kuu la Oslo, na idara ya nyaraka ya taifa ikahifadhi kadi na barua za pale. Kwenye kumbukumbu kama hizo tazama mwandiko wa mtoto, wino uliotapakaa kwa mvua. Tazama pia nani hakuandikiwa kitu. Manusura wakikubali kuzungumza, wawe huru kunyamaza hata katikati ya sentensi.