Barua kwa mwanangu aliye Tabora

Mwanangu,

Salamu kutoka Ujiji. Sote wazima, mdogo wako tu ndiye aliyekuwa na homa, juzi kaamka. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema miezi mitatu sasa unakaa mapokezi kwenye hiyo gesti, mwenyewe anakwambia bado unajifunza, mshahara utakuja ukishaiva. Unaniuliza kama unaweza kudai wakati hamkuandikiana chochote.

Unaweza. Naye anajua, ndiyo maana karatasi hukupewa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Mkifika kwenye shauri na hana mkataba wa kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayoyadai unamwangukia yeye. Mwenzake, Sheria ya Taasisi za Kazi, ya mwaka huohuo, inasema ukipangiwa saa za kazi, au ukitumia vifaa vya mwenye kazi, au ukimfanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, unahesabiwa mwajiriwa mpaka athibitishe vingine. Wewe saa 45 unazimaliza ndani ya wiki! Majaribio yapo, sikatai, lakini wa majaribio naye hulipwa. Na zile zamu za usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, zina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa kila saa uliyofanya usiku.

Babu yako alipandishwa treni hapa Kigoma kwenda kukata mkonge Tanga, manamba kama Waha wengi wa rika lake. Kipande chake nimekiona mwenyewe kwenye kopo la chai: kikaratasi chenye viboksi 30. Ukimaliza ngwe, yaani sehemu uliyopimiwa siku hiyo, nyapara anatia alama. Usipoimaliza, jasho lako la siku hiyo halimo. Kilikuwa kidhalimu, lakini angalau kilikaa mfukoni mwake.

Mimi sikuwa nacho hata hicho. Kabla hujazaliwa nilihesabu magunia ya dagaa kwenye stoo ya mtu mmoja, miezi minne, nikiambiwa nitalipwa mzigo ukiuzwa. Siku zangu nilizichora kwa mkaa nyuma ya mlango, mistari mitano mitano. Nilipokwenda kudai nikakuta mlango umepakwa rangi ya bluu, bado mbichi. Nilirudi nyumbani na rangi kwenye kiganja.

Kwa hiyo nunua daftari leo. Andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, na nani alikupokea zamu. Lilale kwako, si kwenye droo ya kazini. Jumbe zake za kukuita zamu usizifute. Kisha mwandikie barua ya kudai, kwa adabu tu, ubaki na nakala yenye tarehe. Akikaa kimya, muone afisa kazi wa mkoa, au nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Fomu ya kufungulia mgogoro utaipata hapohapo, na nakala yake lazima mwajiri aipokee. Ila usikae ukisubiri huruma yake: madai kama haya yana siku 60 tangu mgogoro uanze. Akikufukuza, kupinga kufukuzwa kuna siku 30 tu. Ukichelewa itabidi kwanza uombe kusamehewa ucheleweshaji, na sababu yako iwe ya maana.

Shangazi yako anasema uache kazi kimyakimya urudi. Mimi sijasema hivyo. Kuondoka ni haki yako, lakini toa notisi ya maandishi, asije akakugeuzia kibao.

Jambo moja limenijia usiku. Kitabu cha wageni hapo mapokezi unakijaza wewe, kwa mwandiko wako, kila zamu, na tarehe zake. Piga picha kurasa kadhaa, majina ya wageni uyafunike kwa karatasi. Fanya hivyo kabla kitabu hakijajaa wakaleta kingine.

Mama yako