Kabla Hujapakua Programu Nyingine ya Kiingereza

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, nina programu tatu za kujifunzia Kiingereza, sasa nasikia imetoka nyingine kali zaidi. Niipakue?"

Mdogo wangu, ugonjwa wako una jina, tena la Kiingereza cha zamani: newfangled.

Siku hizi Waingereza hulitumia kubeza vitu, mitambo mipya na mambo ya kileo yasiyo na kichwa wala miguu. Mwanzoni lilimhusu mtu. Nusu yake ya kwanza ni "mpya". Ya pili imetokana na kitenzi cha kale cha kunyakua, ambacho Wajerumani wanacho hadi leo, fangen, yaani kukamata. Hata fang, jino la nyoka, ni la ukoo huohuo. Basi mtu newfangled ni yule ambaye kipya kikipita tu, kashakidaka.

Chaucer, mshairi wa karne ya 14, alimchora barabara. Ndege wa tunduni umtandikie majani laini kama hariri, umlishe sukari, asali, mkate na maziwa; mlango ukiachwa wazi, anapiga teke kikombe chake na kukimbilia porini kula minyoo. Wahenga wetu walilimaliza kwa maneno manne: kipya kinyemi ingawa kidonda.

Haya sikuyapata kwenye programu. Niliwahi kupewa kazi ya kutafsiri kipande cha Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha 1549, panapotajwa watu walio newfangled kiasi cha kutaka kugeuza kila kitu na kudharau cha zamani. Mhariri akataka niandike "watu wa kisasa". Nikagoma. Akanicheka mbele ya wenzangu, eti nimezama kwenye makamusi ya mababu. Nikaandika "wenye uchu wa mapya", na ndivyo kilivyochapwa. Samahani sijaisikia mpaka leo, wala siisubiri. Haya, naisubiri kidogo.

Sasa ushauri. Shika neno moja, ulifuate mpaka kwao. Usiridhike na maana ya kwanza kwenye kamusi. Uliza nani alilitumia zamani, na alimsema nani. Ukimaliza, shika jingine. Vijana mnataka lugha ya kupakua, lakini lugha haipakuliwi, inakaliwa kitako.

Kwa hiyo, programu hiyo mpya usiiguse. Na kati ya zile tatu, futa mbili leo.