Mume hajakuzuia kwenda Doha mwanangu, amekuuliza mkataba uko wapi

BARUA: Shangazi shikamoo. Nina miaka 29, mama wa mtoto mmoja wa miaka minne, naishi Tabata. Nakaa mapokezi kwenye lodge moja miaka sita sasa, kila siku nawapa wageni funguo, wao wanatoka huku wanaenda kule na mimi nipo pale pale. Nataka na mimi nione dunia kabla sijazeeka. Nimepata kazi ya hoteli Doha kupitia ejenti mmoja yupo Kariakoo. Ofa ni riyal 1,200 kwa mwezi, chumba na chakula najitegemea, ila ejenti anasema ukijumlisha na bakshishi inafika milioni mbili ya kwetu. Natangulia na viza ya matembezi, ya kazi nabadilishiwa huko huko. Nina listi yangu kabisa, likizo ya kwanza Istanbul, ya pili Maldives.

Tatizo ni mume. Ni fundi umeme, mtu mzuri ila hana maono. Pasipoti alinilipia mwenyewe lakini sasa amegeuka, anauliza mkataba uko wapi, tiketi ya kurudi nani analipa, mtoto anabaki na nani. Ejenti nimeshampa milioni moja na nusu, imebaki milioni mbili, nikamwambia tuuze kiwanja cha Chanika hataki. Mama yake nilishamwita kutoka Singida aje akae na mtoto, kaja ila kila siku anaulizia alizeti zake. Hata siku ya kumpokea ilikuwa aibu, kashuka SGR kaanza kushangaa ngazi za umeme watu wote wanatuangalia. Sherehe ya kuniaga ni mwezi ujao, ukumbi nimelipia nusu, sare tumeshachagua, mume hata kuchangia hataki. Nikimwambia kwa tofauti ya masaa sitaweza kumpigia kila siku ananuna. Nimfanyeje aelewe kuwa ndoa sio jela? Nijibu mapema Shangazi kuna marejesho yananisubiri. — Mwenye kiu ya dunia, Tabata.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kugawa funguo miaka sita kunachosha, nakuelewa, na kutamani kuona dunia sio dhambi, wala kwa mke wa mtu sio dhambi. Hapo tumemalizana. Sasa nikwambie nilichokisoma mimi kwenye barua yako, maana hakifanani na ulichodhani umeandika.

Nimetafuta hiyo sehemu mumeo anayokuzuia usiende, sijaiona. Naona mwanaume aliyetoa laki na nusu ya pasipoti mfukoni mwake. Hizi za kielektroniki zilizoanza 2018 zinakaa miaka kumi, sasa niambie mume anayetaka mkewe asivuke geti anamlipia vipi pasi ya miaka kumi? Fundi umeme huyo, hela yake anaipata juu ya ngazi anachomeka nyaya kwenye dari za watu na jua la Dar linamuwakia kwenye bati. Ametoa kimya kimya. Halafu akakuuliza maswali matatu, na hayo maswali hata mimi ningekuuliza, hata baba yako angekuuliza, hata ofisa kwenye dirisha la uwanja wa ndege atakuuliza. Badala ya kuyajibu umemwita hana maono. Mwenye maono hapo ni yeye mama, wewe ndo huoni.

Tuanze na hiyo ofa. Qatar wana kima cha chini cha mshahara tangu Machi 2021, riyal 1,000, na mwajiri asipokupa chakula anatakiwa aongeze 300, asipokupa pa kulala anaongeza 500. Piga hesabu. Mtu asiyepewa chumba wala chakula hatakiwi kushuka chini ya riyal 1,800, wewe umeandikiwa 1,200 na unajitegemea kila kitu. Kwa hiyo ama hiyo hoteli inavunja sheria ya nchi yao mchana kweupe, ama hiyo hoteli haipo. Riyal 1,200 ni dola kama 330, na chumba Doha sio chumba Tabata, ukishalipia kitanda ukala ukapanda gari utabaki na nini cha kukupeleka Maldives? Na bakshishi haihesabiwi kwenye mshahara, wewe upo mapokezi miaka sita unajua bakshishi ya kweli inakuaje, sasa kwanini unamruhusu mtu wa Kariakoo akuhesabie za Doha?

Alafu hiyo viza ya matembezi. Hapo ndipo watoto wa watu wanapopotelea, nakuomba unisikilize. Ukiingia nchi ya watu kwa matembezi ukakamatwa unafanya kazi, mkosaji ni wewe, huyo ejenti atakuwa yuko Kariakoo anampokea mwingine. Kazi ya halali unaenda nayo ikiwa na mkataba umeusoma ukausaini na viza ya kazi imetoka kabla hujafunga begi. Tena sheria yao ya kazi inamkataza wakala wa kule kumtoza mfanyakazi hela ya kumpeleka kazini. Milioni tatu na nusu zako ni za nini hasa? Amekwambia? Amekupa risiti? Na hapa kwetu mtu wa kupeleka watu kazini nje lazima awe na leseni, nenda TaESA, ule wakala wa serikali wa huduma za ajira, uwatajie jina la ofisi yake uulize kama wanaijua. Ni nauli ya daladala tu. Sijui kwanini hukuianza na hiyo.

Lakini kilichonishtua zaidi ni hiyo tofauti ya masaa. Mwanangu, Doha na Dar saa ni moja. Huku ikiwa saa mbili usiku na kule ni saa mbili usiku, ni ndege ya masaa kama sita hivi, jua ni hilo hilo. Hakuna tofauti. Kama hujui basi umetafuta picha za Istanbul umeshindwa kutafuta saa ya mji unaotaka kuishi, na kama unajua basi umemdanganya mumeo ili usimpigie simu. Nataka ujiulize ni lipi, mimi huku sioni, ila mumeo ananuna na kununa kwake nakuelewa, mtu akiambiwa hatapigiwa simu kabla mwenzake hajaondoka lazima roho imuume.

Na hayo marejesho. Umeyaweka mwishoni kabisa kama kitu kidogo, mimi ndo nikaanza nayo kusoma upya. Mshahara wa mapokezi ya lodge naujua, hauzai milioni moja na nusu ya kumpa ejenti na nusu ya ukumbi juu. Umekopa kikoba. Wenzako wamekudhamini, siku ya marejesho inakuja, na mumeo hajui. Ndo maana kiwanja cha Chanika kinatakiwa kiuzwe haraka, ndo maana sherehe ina tarehe wakati safari haina, ili ikishafika siku ya sherehe mumeo aone aibu mbele za watu atoe hela. Kama nimekosea niandikie unirekebishe, lakini sidhani. Safari ya namna hii ni sawa na mpangaji anayehama usiku kukwepa kodi, hata akifika mbali vipi mwenye nyumba ana namba yake.

Sasa huyo mama mkwe. Hapa niseme wazi, nipo upande wake mia kwa mia. Mama wa watu umemtoa Singida, kapanda basi mpaka Dodoma, kapanda SGR mpaka Dar, treni ambayo Dodoma imefika 2024 juzi tu hapa, pengine ndo mara yake ya kwanza kuipanda na amekuja peke yake na mizigo yake. Amefika stesheni akaona ngazi inatembea yenyewe akasimama kuiangalia. Wewe umeona aibu! Mwanangu huyo ndo msafiri. Huyo ndo mtu ambaye macho yake bado yanaona, ameacha alizeti shambani akaja kukulelea mtoto bila kuuliza analipwa nini, na wewe unayetaka kwenda kushangaa maghorofa ya Doha umeshindwa kusimama naye dakika mbili ukamshika mkono mkapanda ile ngazi pamoja mkacheka. Utaipenda vipi dunia ya mbali kama mtu anayeishangaa mbele yako anakutia aibu? Na hizo alizeti anazoulizia sio kelele, ndo hela yake ya mwaka. Ulimuuliza kwanza? Au ulimpigia simu ukamwambia njoo?

Ndoa za siku hizi zimeniumiza kichwa. Mtu anapata wazo Jumatatu, Jumanne liko stetasi, Jumatano lina grupu la wasapu, na mwenzake wa ndani anakuja kulisikia Alhamisi kwa jirani. Wanaume nao wapo, tena wengi, anaondoka kwenda kutafuta maisha mke anaachiwa watoto na ahadi, mwaka wa pili simu haipokelewi, nao nikiwapata hapa nawaambia hivi hivi. Zamani mtu akisafiri alianza kwa wazazi, akapiga goti akaombewa dua, akaenda kwa wakwe, akakaa na mwenzie usiku wakapanga nani atafanya nini mpaka chumvi ya ndani, watu wa nje walikuja kusikia mwishoni. Leo ukumbi ndo unatangulia. Na wahenga walishasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, utarudi tu kwa hao hao, sare za sherehe hazitakupokea.

Kama huniamini nenda siku moja Terminal 3 pale Julius Nyerere jioni ukaangalie watu wanaoenda kufanya kazi nje wanavyoagana. Begi limefunguliwa chini sakafuni, kilo zimezidi, mama mtu anatoa unga wa sembe anabakiza dagaa, anatoa dagaa anarudisha unga, hajui kipi mwanae atakikosa zaidi. Pembeni mtoto kamng'ang'ania mama yake shingoni, mume ndo anamkongoa kidole kimoja kimoja. Hakuna MC pale. Wako wa miaka minne umemwambia nini mpaka sasa? Barua nzima umemtaja mara tatu tu, na Maldives umeitaja vizuri kuliko yeye.

Na hiyo kiu ya dunia nayo tuiongee vizuri kwasababu siitaki ife. Listi yako ina Istanbul haina hata Kilwa. Mwaka 1331 Ibn Battuta, mtu wa Morocco, alikatiza dunia mpaka akafika Kilwa akaandika kwamba ni moja ya miji mizuri kuliko yote, magofu yake yapo mpaka leo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981, wazungu wanapanda ndege kuja kuyaona, wewe unalala Tabata hujayaona. Mafia kuanzia Oktoba mpaka Machi papa potwe wanakuja pale Kilindoni, samaki mkubwa kuliko wote baharini na hana shida na mtu. Hiyo bado ni mbali? Panda pantoni pale Magogoni ni shilingi mia mbili, mchukue mtoto na bibi yake mkavuke Kigamboni aone meli kubwa zinaingia bandarini, huyo mama wa Singida atakaa anasimulia mwaka mzima. Unaenda na mume Jumapili mnarudi na mnajuana zaidi. Anayeweza kufurahia hapo ndo atakayeifurahia Doha hata siku yupo kitanda cha juu chumba cha watu sita na joto la nje limepita digrii arobaini.

Hukumu yangu hii hapa. Kwa ofa hii usiende, na kiwanja cha Chanika kisiguswe. Leo usiku mtoto akilala mwambie mumeo habari ya kikoba yote, kiasi, wadhamini, tarehe, usipunguze. Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake. Kesho mwende wote wawili kwa huyo ejenti mkadai hela mliyompa kwa maandishi, akianza kuwazungusha mpeleke polisi, na TaESA mpite mkamtaje. Ukumbi ahirisha, uliyolipia wakirudisha iende kwenye marejesho, na kwenye grupu uandike mwenyewe kwamba safari haijaiva, usimtume mtu.

Mama mkwe muombe radhi, umkatie tiketi ya SGR akavune alizeti zake, na siku ya kumsindikiza mpande wote ile ngazi.

Baada ya hapo kazi za nje zitafute upya. Zipo, na watu wanaenda wanarudi wamejenga. Ukipata yenye mkataba ulioandikwa mshahara, pa kulala, siku ya mapumziko na tiketi ya kurudi, na viza ya kazi imetoka kwa jina lako, mpe mumeo ausome yeye kwanza kabla ya mtu yeyote. Ukifika huko pasipoti yako ikae kwako, sheria yao inamkataza mwajiri kukunyang'anya, na namba ya ubalozi wetu wa Doha uwe nayo kwenye simu. Mtu aliyekulipia pasipoti bila kuombwa mara mbili, akiyaona majibu ya maswali yake matatu, mimi naamini begi atakubebea yeye mwenyewe.