Midnight Oil: yule mwimbaji kipara wa Australia aliyeishia kuwa waziri

Mleta mada, umeuliza ni bendi gani ya Australia yenye yule mwimbaji kipara mrefu anayecheza kama kapigwa shoti: inaitwa Midnight Oil, na huyo kipara ni Peter Garrett, ambaye baadaye aliingia bungeni. Umeuliza pia kama ubunge ulimharibia muziki, na naona wadau hapo juu wameshamuweka kapu moja na kina Sugu na Bobi Wine, wanamuziki walioingia bungeni. Mimi nilisoma Sydney, usiku nikawa naosha vyombo kwenye jiko la baa moja, na mpishi wetu, mzee wa makamo hivi, alikuwa shabiki wao wa kufa mtu, kila siku ni stori zao tu. Kwa hiyo nitaandika marefu, mnivumilie.

Kwanza kabisa huyu siyo msanii aliyepata jina ndo akakumbuka siasa. Hawa ukaidi walianza nao. Rob Hirst mpiga drams na Jim Moginie wa gitaa na kinanda walikuwa na kikundi chao kinaitwa Farm toka 1972, wakatoa tangazo wanatafuta mwimbaji, akaja Garrett, mwanafunzi wa sheria kule Canberra. 1976 wakabadili jina, yaani waliandika majina kwenye vikaratasi wakatupia kwenye kofia wakachomoa moja, basi. Baada ya hapo ni baa na baa, hasa Royal Antler kule Narrabeen, fukwe za kaskazini mwa Sydney, vijana wa kuteleza na mawimbi wamejaa hadi mlangoni. Mpishi alikuwa anasema ukitoka pale masikio yanalia mpaka kesho yake mchana.

Sasa wakati huo Australia ukitaka kutoboa lazima uonekane Countdown, kipindi cha muziki cha televisheni ya taifa ABC. Wao hawakupiga pale hata siku moja. Albamu ya kwanza wakatoa 1978 kwa lebo ndogo ya Powderworks, wakaendelea kujaza mabaa. 1982 wakaenda London kurekodi na prodyuza Nick Launay, ikatoka 10, 9, 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2, 1, ikakaa kwenye chati za Australia wiki 171. Wiki 171 jamani, bila kumpigia magoti mtu.

1984 Garrett akagombea useneta kwa tiketi ya chama kidogo cha kupinga silaha za nyuklia, akaukosa kidogo sana. Naona kuukosa kule kuliisaidia bendi, maana 1986 ndo wakafanya kitu ambacho kwangu ni kikubwa kuliko vyote. Walifunga safari na Warumpi Band, bendi ya Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, kutoka kijiji cha Papunya, iliyokuwa inaimba mpaka kwa Kiluritja, lugha ya kwao, wakazunguka vijiji vya jangwani huko Northern Territory, wanapiga nje mavumbini mbele ya watu ambao wengine walikuwa hawawajui kabisa, na Midnight Oil wenyewe wamezoea kupiga kwa kelele na spidi ya mjini. Kule wakakutana na habari za Wapintupi, Waaborijini waliotolewa jangwani na serikali wakarundikwa Papunya, halafu kuanzia 1981 wakaanza kurudi wenyewe kwao Kintore. Hapo ndo ilipotoka Beds Are Burning, na albamu ya Diesel and Dust ya 1987. Wengi mnaukata ule wimbo disko mkidhani ni wa mapenzi, wakati unadai watu warudishiwe ardhi yao. Marekani ulifika namba 17.

1990 wakaegesha lori mchana kweupe mbele ya jengo la kampuni ya mafuta ya Exxon, New York, wakapiga shoo ya kulaani mafuta ya kampuni hiyo yaliyomwagika Alaska mwaka mmoja nyuma. Na 2000, kufunga Olimpiki ya Sydney, wakapanda jukwaani na nguo nyeusi zimeandikwa neno la kuomba radhi, waziri mkuu Howard yupo uwanjani, yeye ambaye alikuwa kagoma kuwaomba radhi Waaborijini kwa watoto wao walionyang'anywa na serikali miaka ya nyuma.

Haya, ubunge. Aliiacha bendi 2002, akaingia bungeni 2004 kwa chama cha Labor, 2007 akawa waziri wa mazingira. Hapa ndo tofauti na 1984, kile chama kidogo kilikuwa na msimamo wake yeye, hiki kikubwa yeye ndo anafuata msimamo. Chama kilipotaka kuruhusu migodi mipya ya urani, madini ya kutengenezea nyuklia, alipinga kwenye mkutano mkuu, akashindwa, halafu 2009 akaidhinisha mgodi wa urani wa Four Mile. Mpishi wetu hakumsamehe hadi leo. Mimi namuelewa mpishi, ila huyohuyo Garrett alikuwemo serikali iliyoomba ile radhi Februari 2008, na akiwa waziri ndo Australia ikaishtaki Japani kwenye mahakama ya kimataifa The Hague kwa kuua nyangumi, na ikashinda 2014. Kwa hiyo kuharibika hakuharibika, ila ile sauti ya kutomuogopa mtu aliiacha mlangoni alipoingia, na sioni angebaki nayo vipi akiwa kwenye baraza la mawaziri.

2017 Garrett na bendi waliporudi jukwaani nilienda kuwaona bustani ya The Domain, Sydney. Mpishi aligoma kuja. Watu wazima wenye vitambi wanaruka kama watoto, na Hirst pale nyuma anapiga drams kwa hasira ileile. Shoo ya mwisho ya ziara ya kuaga walipiga Sydney, Oktoba 2022.

Ukitaka kuanza kuwasikiliza, anza na Diesel and Dust mwanzo mwisho, halafu rudi ile ya 1982. Za mwanzo kabisa weka baadaye, rekodi zake hazijanyooka sana.