Taa za redio usiku: anza na rimoti, tepu iwe ya mwisho

Nadhani anayepanga ukali wa skrini za amplifaya hukaa kwenye chumba chenye taa zote zimewaka. Mchana ukali huo huuoni. Usiku, ukizima taa ujilaze usikilize muziki, ukuta mzima umegeuka buluu na macho hayana pa kukimbilia.

Mambo hayakuwa hivi zamani. Redio nyingi zilikuwa na taa ndogo nyekundu, kijani au za njano kwa sababu LED (zile taa ndogo za kielektroniki) za rangi hizo ndizo zilizokuwapo. LED nyekundu ilipatikana mwaka 1962, lakini ya buluu yenye mwanga wa maana ilisubiri mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Kazi kubwa, sikatai. Tatizo ni kwamba seli za jicho zinazotuwezesha kuona gizani huamshwa zaidi na mwanga wa buluu na kijani, na ule mwekundu karibu haziujali. Kwa hiyo taa mbili zinazoonekana sawa mchana, usiku ya buluu inachoma na nyekundu haisumbui mtu.

Ndiyo maana nakushauri usipime mwanga wa chombo chako jioni taa zikiwa zinawaka. Zima kila kitu, kaa kama nusu saa macho yazoee giza, halafu ndipo uamue. Sitakutisha kwa habari za usingizi. Ni kweli mwanga wa buluu huzuia melatonini, homoni inayotuandaa kulala, lakini taa moja ndogo upande wa pili wa chumba si kitu ukilinganisha na simu uliyoishika mbele ya uso. Kinachoniudhi mimi ni jicho kuvutwa pale pale kila nikilifumbua.

Anza na rimoti. Tafuta kitufe kilichoandikwa DIMMER na ukibonyeze mara kadhaa, kwa sababu kila mbonyezo hushusha ngazi moja, na kwenye vyombo vingi ngazi ya mwisho ni kuzima kabisa. Kama kitufe hakipo, ingia kwenye menyu ya mipangilio. Risiva (amplifaya zenye redio ndani) nyingi za Denon, kwa mfano, zina ngazi nne humo, kuanzia mwanga kamili mpaka giza. Spika za Wi-Fi zisizo na rimoti hupangwa kwa programu ya simu. Sonos wameiweka swichi ya taa ndani ya mipangilio ya kila chumba, mahali ambapo usipoambiwa huwezi kupita kwa bahati.

Je, uzime kabisa au upunguze? Mimi hupunguza mpaka ngazi ya chini kabisa inayosomeka. Skrini ikizimwa, vyombo vingi huiwasha kidogo ukigusa sauti kisha hujizima tena, na hilo ni zuri, lakini muziki ukiisha huwezi kujua kama amplifaya bado inawaka. Inakesha hivyo hivyo ikipata joto bure. Ukitaka giza kamili, washa pia ule mpangilio unaokifanya chombo kiingie chenyewe stendibai, yaani hali ya kusubiri, baada ya muda.

Halafu kuna kitufe cha Pure Direct, kinachopitisha muziki bila marekebisho. Wengi huibonyeza ili skrini izimike tu, na kweli huzimika, ila inafanya zaidi ya hapo. Inaruka besi na trebo ulizopanga, na kwenye risiva za sinema huzima pia saketi za picha. Ukishangaa muziki umekuwa mkavu ghafla, chunguza hapo. Wapo wanaosema skrini ikizimwa sauti inakuwa safi zaidi. Masikio yangu hayajawahi kuisikia tofauti hiyo, isipokuwa kwenye redio ya AM, ambako skrini iliyo karibu na antena inaweza kweli kuleta mvumo.

Kuna faida moja ya kupunguza mwanga isiyotajwa sana. Zile skrini za zamani zenye herufi za buluu-kijani zinazong'aa zenyewe huchakaa kwa kuwaka. Sehemu inayowaka siku zote hufifia mapema kuliko jirani zake, na skrini za kisasa za OLED nazo zina ugonjwa huo huo. Kwa chombo unachotaka kikae miaka mingi, ngazi ya chini ni matunzo.

Skrini basi ina dawa. Msumbufu hasa ni ile taa ndogo ya stendibai, kwa kuwa mara nyingi DIMMER haiigusi. Unazima chombo, skrini inalala, yenyewe inabaki imekukodolea macho. Usidhani inakula umeme sana. Kanuni za Ulaya tangu 2013 ziliweka kikomo cha wati 0.5 kwa chombo kilicho stendibai, na wati 1 kikionyesha maelezo kama saa, kikomo kilichoshushwa hadi wati 0.8 mwaka 2025. Unaweza kuzima swichi ya ukutani, lakini vyombo vingine husahau saa na stesheni ulizohifadhi.

Hapa ndipo tepu inapoingia. Ile nyeusi ya mafundi umeme huziba kabisa, lakini gundi yake hulainika kwa joto na kuacha uchafu unaonata. Mimi natumia tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Naibandika kwanza kwenye plastiki laini, naitoboa kwa kitoboa karatasi, napata viduara safi. Kimoja hupunguza kidogo, viwili au vitatu hubakisha nukta tu ya mwanga, inayotosha kukuambia chombo kina umeme. Ukitaka giza zaidi, paka kalamu nyeusi juu ya tepu, usipake kwenye chombo.

Kabla ya kubandika, tafuta sensa ya rimoti ilipo. Ziba sehemu kwa kidole, bonyeza sauti. Pale rimoti inapogoma, ndipo penye sensa, na hapo usiguse. Usizibe matundu ya hewa wala taa inayoonya kuwa amplifaya imejikinga au imezidiwa. Gundi ikibaki, kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo kinatosha. Spiriti inaweza kuitia akriliki, ile plastiki angavu ya mbele, nyufa ndogo ndogo ambazo hazifutiki. Wapo pia wanaofungua chombo na kuongeza rizista, kipande cha kupunguza umeme, kwenye taa. Kama hujui kapasita zilizojaa umeme zimekaa wapi, acha kifuniko kilivyo.

Kama bado hujanunua, pakua kijitabu cha maelezo cha chombo unachokitaka na utafute neno dimmer. Angalia mambo mawili: kama ngazi ya kuzima ipo, na kama mpangilio hubaki baada ya stendibai, maana vipo vinavyorudi kwenye mwanga mkali kila ukiviwasha. Kijitabu kikinyamaza, omba muuzaji akiwashe, shika rimoti, bonyeza mwenyewe.