Asidi amino za kimondo, au jasho la mikono?

SWALI: Wahariri, hamjambo. Kijana wangu anasoma kemia. Ananiambia kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, kina asidi amino, jamii ya zile zinazojenga protini ya nyama na maharagwe. Watu wanajuaje kama hazikutoka kwenye udongo, au mikononi mwa aliyekiokota?
Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama, hapo umegusa penyewe. Kimondo hicho kilianguka tarehe 28 Septemba 1969, na vipande vyake vilizidi kilo 100.

Kazi huanza na vyombo. Vya kioo huokwa nyuzi 500 usiku kucha, maana alama moja ya kidole ina asidi amino za kutosha kuharibu kipimo. Kipande husagwa, unga ukafungiwa na maji safi kabisa ndani ya ampuli, yaani kichupa cha kioo kilichozibwa, ukakaa nyuzi 100 kwa saa 24. Pembeni, unga wa jiwe la kawaida lililookwa hupitishwa njia ileile. Kitakachoonekana humo ni uchafu wa maabara.

Kisha huangaliwa umbo. Asidi amino nyingi zina maumbo mawili, kama mkono wa kushoto na wa kulia. Protini za viumbe hutumia wa kushoto. Alanini, asidi amino ya kawaida kwa viumbe, ikionyesha kushoto kumezidi sana, shuku udongo. Lakini usikate kauli hapo: isovalini, asidi amino iliyo adimu mno kwa viumbe, nayo huzidi kidogo upande wa kushoto katika Murchison.

Shahidi mzito ni dutiriamu, yaani haidrojeni nzito. Baharini, katika atomu milioni za haidrojeni, 156 hivi ndizo nzito. Katika isovalini ya Murchison ni mara kadhaa ya hizo. Wingi huo hutokea kwenye mawingu ya gesi yenye baridi kali kati ya nyota, ambako haidrojeni nzito hung'ang'ania molekuli. Baadaye, ndani ya asteroidi, yaani mwamba unaozunguka Jua ambamo kimondo kilimeguka, barafu iliyeyuka, na maji pamoja na kemikali sahili za amonia, sianidi na aldehidi au ketoni vikaunda asidi amino zilizorithi uzito ule. Kwa hiyo asili yake ni mbili: malighafi ya baridi, mapishi ya maji.

Kijana akiona jiwe likianguka, asilioshe wala kulishika mikono mitupu. Alifunge kwa karatasi safi ya alumini. Sashe ya nailoni aiache kabisa: nailoni huachia asidi aminokaproiki, ambayo huonekana kwenye kipimo kama asidi amino nyingine yoyote.