Muuguzi na uzamili wa ubunifu wa afya

Dada, umeuliza kama uzamili wa kugeuza utafiti wa afya kuwa vifaa na huduma unamfaa muuguzi asiye mhandisi. Unakufaa sana! Wewe ndiye unayeijua wodi. Mtazame Brian Gitta na wenzake hapa Uganda: Matibabu, kipimo chao cha malaria kisichohitaji damu, kilishinda Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi mwaka 2018. Lakini kutoka tuzo hadi kituo cha afya kuna majaribio kwa wagonjwa, vibali vya maadili, usajili, bei. Hapo ndipo kazi nyingi nzuri hukwama, na hayo ndiyo ya kusomea. Anza kuulizia vyuo vikuu vya Makerere na Mbarara. Kabla ya kulipa karo, waulize hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi) ya ubunifu wako itaandikwa kwa jina la nani.